Mchaichai Kwenye Vifuko vya Maua

Neno lililomkera Julienne lilikuwa dogo, na lilipita kwenye simu kama linavyopita neno lolote. Annick alikuwa akimweleza jinsi baridi ya mlimani ilivyompasua midomo, halafu akageuza uso pembeni akamwambia mtu mwingine, "Mama, ngoja kidogo, naongea na nyumbani."

Julienne akabaki ameshika simu. Mama. Siyo Mama Biira, kama alivyokuwa akimwita hapo mwanzo yule mwanamke aliyempa pa kulala mlimani. Mama tupu, bila mkia.

"Umenyamaza," Annick akasema.

"Niko."

"Unaumwa?"

"Nina wateja," Julienne akajibu, na chumbani hapakuwa na mteja hata mmoja.

Waliomjua Julienne tangu zamani pale Nateete watakuambia hakuwa mwanamke wa kununa ovyo. Alifika Kampala akitokea Mutwanga, upande wa Kongo, chini ya mlima Ruwenzori, mlima uleule ambao leo Annick anaupanda kutoka upande wa Uganda. Alifika na mtoto mgongoni ambaye hakumzaa. Mama wa mtoto alikuwa mdogo wake Julienne, naye alizikwa kabla mtoto hajaota meno. Majirani wapya walimshauri amwache mtoto amwite mama, maisha yaende. Alikataa. "Mama yake amelala kule," aliwaambia. "Mimi ni mama mkubwa." Mtoto alipoanza kutamka alifundishwa hivyo hivyo, Mama Mkubwa, na neno lile lingine Julienne alimtunzia marehemu kama mtu anavyotunza kiti cha aliyetoka kidogo. Hakuna aliyekikalia. Sasa amekuja mwanamke wa huko milimani, hata hakubisha hodi, ameketi.

Kazi yake ilikuwa vitenge. Kwa miaka mingi aliviuza kwa kutembea, rundo kichwani, Katwe kwenye makelele ya wachomelea vyuma, Kalerwe kwenye matope ya sokoni, mpaka kwenye milango ya maofisi ambako masekretari walimngoja mwisho wa mwezi. Magoti yalipochoka akakaa chumbani na cherehani, wateja wakamfuata. Walimfuata kwa pua. Mama yake alimfundisha kulaza vitenge ndani ya sanduku na mafungu ya mchaichai mkavu katikati, nondo wasile, nguo itoke inanukia kama imefuliwa jana. Abalo, mke wa polisi aliyeishi chumba cha pili, Mwacholi mwenye mdomo mrefu, alizoea kumwambia, "Wewe hata ukipotea Kampala hii, hatutauliza mtu. Tutanusa tu."

Mchaichai ule na cherehani ile ndivyo vilimsomesha Annick mpaka chuo kikuu, na alipomaliza akasema anataka kuendelea mpaka udaktari. Siyo ule wa sindano, wa kitabu.

"Udaktari wa nini?" Abalo aliuliza.

"Maua," Julienne akasema.

"Maua?"

"Maua ya mlimani."

"Mtoto amesoma hivi yote, anaenda kuangalia maua."

Julienne alijivuta vizuri kwenye kiti. Jambo hili alikuwa amelielewa na alipenda kulieleza. "Sikiliza. Nilipokuwa msichana, barafu ya kule juu ilionekana asubuhi kama shuka lililoanikwa. Leo limebaki leso. Joto limepanda, mvua haijui tena siku yake. Sasa yale maua madogo meupe, joto likiyadanganya, yanafunuka mapema. Nyuki hawajafika. Ua linafunuka, linangoja mgeni, mgeni haji, linakauka bila mbegu. Mwaka huu hivyo, mwaka ujao hivyo, mlima utabaki na nini? Annick anataka kujua ua gani linafunuka lini, na nani analitembelea."

"Kumbe ni kazi ya polisi," Abalo akasema. "Nani ameingia, nani ametoka."

"Ndiyo."

"Basi Ongom wangu angeweza hiyo udaktari."

Walicheka. Wakati ule Julienne alikuwa bado anacheka, maana Annick alikuwa hajapata pa kulala huko mlimani.

Pa kulala akapapata kwa Biira. Ni kijiji cha mwisho kabla ya msitu, na Annick alikaa hapo miezi, akipanda kwenye maua yake na kushuka. Kila aliporudi Nateete alikuja na kitu cha Biira. Alikuja na asali ya Biira. Alikuja na namna ya Biira ya kupika maharage. Kisha siku moja aliingia mlangoni akamwamkia Julienne kwa Kinande, lugha ya nyumbani kwao, ambayo Julienne hakuwahi kumfundisha kwa sababu katika ua wa wapangaji wa kila kabila Kiswahili kilikuwa rahisi. Wakonzo wa kina Biira na Wanande wa kina Julienne ni watu wamoja, mlima tu umekaa katikati. Lakini Annick aliisema kwa sauti ya upande ule mwingine, akivuta maneno mwishoni. Julienne aliitikia, akaenda kuchungulia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

"Nani amekufundisha?" aliuliza akiwa amempa mgongo.

"Mama Biira. Anasema ni aibu mimi kutojua."

"Anasema ni aibu."

"Kwa utani tu, Mama Mkubwa."

Utani. Julienne aliifunika ile sufuria tupu.

Kabla ya msimu wa maua ambao ungeamua utafiti wake, Annick alikuja na kazi ya cherehani. Alitaka vifuko vidogo vya neti nyepesi, kama ile ya shela la harusi. Angevifunga juu ya baadhi ya maua ili nyuki wasiyaguse, na mengine jirani angeyaacha wazi. Mwishoni angefungua aone yapi yamefanya mbegu. Hapo ndipo angejua kama ua linamhitaji nyuki kweli, na kama nyuki alifika kwa wakati.

"Viwe safi," alisema. "Visiwe na rangi, visiwe na harufu ya kitu chochote."

"Nimeshona tangu hujazaliwa."

"Najua. Nakuomba tu."

Julienne alishona. Abalo akapita, akaona neti nyeupe imemwagika chumba kizima. "Annick anaolewa na wewe hausemi?"

"Ni nguo za maua."

"Hata maua yanafunikwa? Hii nchi."

Alishona kwa moyo mmoja mpaka siku ya ile simu, siku ya Mama bila mkia. Baada ya hapo mguu ulikanyaga cherehani lakini akili ilikuwa mlimani. Alimwona yule mwanamke amekaa jikoni kwake, vifuko mapajani, akivipanga, akivihesabu kama mali yake. Vimeshonwa na nani? Hatauliza. Annick atavifunga kule juu kwenye ukungu, na mkono uliovishona hautakuwapo hata kwa kivuli.

Ndipo alipochemsha mchaichai. Alichemsha sufuria kubwa, akavitandaza vifuko juu ya mvuke mpaka neti ikalainika, akavianika, kisha akavilaza sandukuni katikati ya vitenge na mafungu makavu, akafunga kifuniko. Alijiambia neti ngumu itaumiza maua. Lakini alijua anachofanya. Alitaka Annick, akifungua mfuko kule juu, asikie nyumbani, na yule mwingine asikie pia, ajue kwamba mtoto huyu ana kwao.

Annick alikuja kuvichukua, akashukuru. Hakusema neno lolote juu ya harufu.

Msimu ukapita. Annick aliporudi Nateete alikaa kwenye mkeka bila kuvua viatu.

"Kumeharibika," alisema.

"Nini?"

"Nyuki walikuja wakati hawapaswi kuwepo. Walijaa juu ya vifuko vyenyewe, kama wanataka kuingia. Na yale maua ya wazi yaliyo jirani wakayatembelea kwa kuwa wako hapo hapo. Yamefanya mbegu nyingi, na ni mbegu za uongo. Mimi nilifurahi, nikafikiri nimegundua kitu. Leo nimempelekea profesa wangu, Ojera, vifuko vilivyobaki. Amefungua, ameingiza pua, ameniuliza nani anapika chai kwenye utafiti wangu."

Julienne alikuwa amesimama na kijiko mkononi.

"Mimi sikusikia kitu," Annick akaendelea. "Nilinusa na kunusa. Akampa mwanafunzi mwenzangu, naye hata hakufikiri, akasema mchaichai. Pua yangu imekufa, Mama Mkubwa."

"Mchaichai unawafanya nini nyuki?"

"Unawaita. Unafanana na harufu yao wenyewe ya kuitana. Watu wa mizinga wanaupaka ndani ya mzinga mpya ili kundi lihamie. Kawaida mvua ingeuosha siku ya kwanza, lakini mvua ilichelewa." Alivua viatu sasa, kwa hasira. "Msimu wote hauna maana. Profesa anasema nisipopata msimu mmoja safi, sitasimama kukitetea kitabu changu. Na maua hayo siyo duka, hufungui unapotaka."

"Sasa umejua umetoka wapi, huo mchaichai?"

"Ni Mama Biira. Mume wake ana mizinga, na vifuko nilivitunza nyumbani kwake. Nilimwambia aviweke mbali na kila chenye harufu. Nimempigia simu, amekataa katakata. Nimemwambia msimu ujao nitatafuta nyumba nyingine."

Mama Biira. Mkia umerudi. Julienne aliusikia ukirudi, na utamu uliomwingia ulimtisha yeye mwenyewe.

"Kula kwanza," alisema.

Akapika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa mafuta ya mawese na samaki, chakula cha sikukuu, na Annick akala akimsogelea kama alivyokuwa mdogo. Siku zilizofuata Julienne aliimba nyimbo za kanisani akipiga pasi. Lakini sanduku lile alianza kulizunguka. Mteja akitaka kitenge, alikitoa haraka na kufunga kifuniko, kana kwamba ndani kuna mtu amelala.

Biira alikuja mchana, bila taarifa, na kikapu cha magimbi kichwani. Annick alikuwa chuoni. Julienne alikuwa amemchora akilini mwanamke mnene, mwenye kucheka kwa nguvu. Aliyesimama mlangoni alikuwa mwembamba, na kitenge chake kilikuwa cha zamani, rangi imeshaaga, ila kimepigwa pasi sawasawa. Jicho la Julienne liliona hilo kwanza na halikupenda. Lilikuwa limengoja uchafu.

"Wewe ndiye Masika," mgeni akasema kwa Kinande.

Kampala nzima hakuna aliyemwita hivyo. Lilikuwa jina lake la kuzaliwa, jina ambalo watu wao humpa binti wa kwanza. Annick lazima ndiye aliyemwambia.

"Mimi ni Biira. Nakuja nyuma yako." Biira, kwa watu wao, ni binti wa pili. Alipiga goti kidogo, kama mdogo anavyomwamkia dada yake.

Julienne alikuwa na maneno makali tayari, ameyapanga tangu mwezi uliopita. Yakakosa pa kushika. "Karibu ndani," alisema.

Biira aliweka mguu ndani, akasimama. Pua yake ilicheza. Macho yakaenda kwenye sanduku, ambalo siku hiyo kifuniko kilikuwa wazi na mafungu ya mchaichai yamelala juu ya nguo, yakaenda kwenye cherehani, ambapo kipande cha neti kilikuwa bado kinaning'inia. Kisha akakaa, akaweka kikapu miguuni, akakunja mikono.

"Mtoto atarudi saa ngapi?"

"Mtoto gani?"

"Wako."

"Atarudi." Julienne alimimina maji kwenye kikombe akampa. "Umetoka mbali kwa basi kuja kumwambia nini?"

"Kwenye basi nilikuwa na maneno mengi," Biira akasema. "Sasa yamepungua."

Walikaa. Nje Abalo alipita mara mbili bila shughuli yoyote. Julienne alingoja yule mwanamke aseme. Angesema, wangegombana, na ugomvi Julienne aliuweza. Biira alikunywa maji yake akasifu maji.

Annick alipoingia alisita mlangoni. "Mama Biira," alisema, kwa adabu kavu.

Biira aliweka kikombe chini. "Nimekuja unisamehe," alisema, safari hii kwa Kiswahili. "Kama kuna kitu kimeharibika nyumbani kwangu."

"Kwa hiyo ni mizinga."

"Vifuko vilikaa kwangu. Kilichoharibika kwangu ni changu."

Hapo ndipo wivu ulipompanda Julienne mpaka kichwani, kuliko siku zote. Ameona. Amenusa, amejua, na ananyamaza. Ameketi kwenye kiti changu, kwenye nyumba yangu, na anabeba kosa la nyumba yangu mbele ya mtoto wangu, taratibu, kama anavyobeba magimbi yake. Kubeba namna hiyo ni kazi ya mama. Amechukua neno, sasa anataka na kazi yake. Na siku Annick atakapojua ukweli, maana atajua, nani atakuwa amebaki mama na nani atakuwa nani? Hapana. Kosa lilikuwa la Julienne, na hata hilo huyu mwanamke hatamnyang'anya.

"Biira," alisema, "acha uongo ndani ya nyumba yangu."

"Mama Mkubwa," Annick akaanza.

"Nyamaza. Njoo hapa. Inama, nusa sanduku."

Annick aliinama juu ya vitenge. "Sisikii kitu."

"Nusa vizuri."

"Ni nguo tu. Ni nyumbani."

Julienne alichomoa fungu, akavunja majani makavu chini ya pua yake kabisa. Annick alirudisha kichwa nyuma. Alimtazama Julienne, akatazama neti kwenye cherehani, akakaa chini sakafuni.

"Ulivifukiza."

"Nilivifukiza, nikavilaza humu."

"Nilikuambia visiwe na harufu."

"Uliniambia."

"Basi kwa nini?"

Julienne alitaka kusema juu ya neti ngumu. "Ili ukivifunga kule juu ukumbuke mkono wa nani umevishona," alisema. "Na kumbe hukusikia hata." Kisha, kwa sauti ndogo, "Huyu unamwita Mama."

Biira alisogeza kikapu chake kidogo kwa mguu. "Wageni wote wanaolala kwangu wananiita mama," alisema. "Hata yule profesa wenu mwenye kipara. Na nadhani amenizidi miaka."

Julienne nusura acheke, akauma shavu. Hakuwa tayari kumpa hilo.

Annick hakupiga kelele. Hasira yake ilikuwa ya kimya, ile mbaya. Alipiga magoti mbele ya Biira, akamshika mikono, akamwomba radhi kwa Kinande, kwa maneno mengi. Kwa Julienne hakusema kitu. Akatoka akaenda kukaa barazani kwa Abalo, na alirudi chakula kilipoiva, akala akitazama sahani yake. Mwishoni akasema, "Unaweza kushona vingine?"

"Naweza."

"Siyo humu ndani."

Kesho yake Annick alimweleza Profesa Ojera yote, naye akakubali kungoja msimu mmoja, mmoja tu. Cherehani ikabebwa mpaka barazani kwa Abalo. Julienne alisugua mikono kwa majivu na sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawa nyeupe, akavaa gauni la kuazima, kwa maana la kwake lisingeaminika.

"Leo unanuka kama sisi," Abalo akamwambia. "Karibu duniani."

Biira hakurudi kwao. Alibaki mpaka kazi iishe, kwa sababu ilibidi awepo mtu wa kunusa. Pua ya Annick ilikuwa haisikii mchaichai, ya Julienne haikusikia, na ya Abalo, kwa kukaa mlango jirani miaka yote, ilisikia tu ile harufu kali. Kwa hiyo kila kifuko kilichotoka kwenye sindano kilipita mikononi mwa Biira. Alikiinua, akakinusa akiwa amefumba macho, akakiweka kulia au kushoto.

"Hiki bado," alikuwa akisema, na Julienne akakirudisha kwenye maji ya moto.

"Na hiki?"

"Kidogo."

"Kidogo unakisikia au unakitafuta?"

"Dada, nyuki hawatakuuliza hivyo."

Kuna mchana Julienne alitaka kumfunika kichwa na beseni. Lakini alishona, akafua, akashona, na mwanamke yule hakupitisha hata kimoja kwa huruma. Kwenye hilo, moyoni mwake, Julienne alimheshimu, na heshima hiyo nayo ilimuuma.

Siku ya kuondoka, Annick alifunga vifuko kwenye ndoo mpya yenye mfuniko wa kubana. Alimkumbatia Julienne kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa na ndoo, na akaishika ndoo mbali nyuma ya mgongo. "Nitapiga simu, Mama Mkubwa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu siku ile.

Biira alikuwa ameshapandisha kikapu kitupu kichwani. Julienne alimzuia mlangoni. Alikwenda kwenye sanduku, akaingiza mkono chini kabisa, walikolala vitenge vizuri kuliko vyote, akatoa kimoja cha kijani chenye ndege weupe, kilichokaa na mchaichai tangu sikukuu ya Noeli. Hakukikung'uta.

"Hicho chako kimechoka," alisema. "Chukua."

"Hiki hakiwezi kupanda kwenye maua," Biira akasema.

"Nani amesema kipande huko? Kiweke nyumbani kwako. Vifuko vikishafunguliwa, kitundike ukutani pale Annick anapolala."

Biira alikileta puani, akanusa kwa muda mrefu. Alimtazama Julienne juu ya kitambaa, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Kitakaa hapo," alisema, "mpaka nyumba nzima inukie kama wewe."

"Ndiyo," Julienne akasema.

Alisimama mlangoni akiwatazama wakishuka kuelekea stendi, mmoja na ndoo yake isiyo na harufu, mwingine na kitenge cha kijani begani. Abalo akatokea na chai.

"Sasa umempa kitenge yule uliyekuwa unamchukia."

"Sijampa," Julienne akasema. "Nimejipeleka mlimani."